Esnart na Makasia ya Ukoo wa Mamba

Ukitaka kumkera Esnart, mwambie kwamba kazi yake ni kuosha sakafu. Aliosha sakafu, ndiyo, miaka sita mizima katika hospitali moja ya Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, na sakafu zenyewe zilimwogopa. Lakini miaka minne iliyopita karani wa maabara alihamishwa, daftari la friji ya damu likabaki halina mwenyewe, na Ba Royd, mkuu wa maabara, akatazama huku na huku akamwona amesimama mlangoni na ufagio wake.

"Bana Chabu," akamwita, kwa jina la mwanawe wa kwanza kama heshima inavyotaka huku, "mwandiko wako ukoje?"

Esnart akajibu kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko wa madaktari wote wa hospitali ile. Tuseme kweli, hiyo si sifa kubwa. Ila daftari akalipata, na tangu siku hiyo hakuna mfuko wa damu ulioingia wala kutoka bila kupita chini ya kalamu yake: namba ya mfuko, kundi la damu, tarehe, nani amepewa, kwa sababu gani.

Makarani wengine huandika na kufunga daftari. Esnart huandika, halafu hukaa akiwaza. Kwa nini mwezi huu watoto tupu? Kwa nini mwezi ule mifuko saba imeoza na kutupwa, na mwezi uliofuata mama mmoja akafa akingojea mfuko mmoja? Maswali hayo yalimnyima raha. Alimuuliza Ba Royd, naye akasema ndivyo mambo yalivyo. Jibu hilo Esnart analichukia kuliko panya.

Basi alasiri moja ya Oktoba, maabara ikiwa kimya, akaja na vifuko vitatu vya maharagwe kutoka sokoni. Haragwe jekundu ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Haragwe jeupe ni mama aliyetokwa na damu akijifungua. Lile lenye madoa ni wengine wote: waliopasuliwa, wenye selimundu, na yule bwana wa Kafutuma aliyeumwa na kiboko. Akafungua madaftari ya miaka mitatu, akaanza kupanga mezani mafungu kumi na mawili, kila mwezi na fungu lake, mfuko mmoja haragwe moja.

Alipofika daftari la mwisho aliruka, kiti kikaanguka.

"Ba Royd! Njooni muone! Njooni mbio!"

Ba Royd alikuja akidhani kuna moto. Alichokiona ni meza ya maharagwe, lakini hata mtoto angeisoma. Maharagwe meupe yalitawanyika sawasawa mwaka mzima, maana wanawake hawangoji msimu ili wazae. Mekundu yalikuwa machache Juni, machache Agosti, halafu kuanzia Januari hadi Aprili yalifanya vilima, mpaka mengine yakaviringika sakafuni. Ni mvua hiyo. Mvua huleta mbu, mbu huleta malaria, na malaria hunywa damu ya watoto mpaka viganja vyao vinakuwa vyeupe.

"Hii nilikuwa najua," alisema Ba Royd taratibu, akigusa kilima cha Januari kwa kidole kimoja. "Lakini sijapata kuiona."

"Bado! Sikilizeni. Damu inatoka kwa nani? Kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zinafungwa lini? Mwanzoni mwa Desemba. Na mfuko unakaa kwenye friji siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Basi! Mfuko tunaoukusanya Novemba unakufa kabla watoto hawajafika! Ghala linajaa wakati wa shibe, njaa ikija ni tupu!"

Sauti yake ilifika mpaka wodi ya wanaume. Ba Royd alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza swali moja tu, nalo lilikuwa la haki: damu ya Januari itoke wapi, ikiwa wanafunzi wako makwao?

Esnart alitazama dirishani. Kutoka pale ziwa Mweru linaonekana kama kitambaa kilichoanikwa, na kando yake mitumbwi. Akaanza kucheka. Kila mwaka, tangu tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari, ziwa hufungwa ili samaki wazae. Miezi mitatu mwanamume yeyote haruhusiwi kutia wavu majini. Ufukwe mzima hujaa wanaume wenye afya, waliolishwa samaki tangu waachishwe ziwa la mama, wakishona nyavu na kugombana juu ya mpira.

"Hao," akasema. "Wana damu, na hawana kazi."

*

Kwenda kuomba damu kwa wavuvi si kazi ya kila mtu. Esnart alikuwa na njia yake, na njia yenyewe ilikuwa matusi.

Mwenyekiti wa wavuvi wa mwalo ule, pale mitumbwi inapopandishwa ufukweni, ni mzee Nkandu, mtu wa kifua kipana na sauti ya ngoma, wa ukoo wa Bena Ng'andu, yaani mamba. Wengi wa mwalo ule ni wa ukoo huo. Esnart ni wa Bena Isabi, samaki. Na mamba na samaki, tangu mababu, ni watani. Wanatukanana mchana kweupe bila mtu kununa. Mmoja akinyakua kitu cha mwenziwe, mwenye kitu hana ruhusa ya kukasirika. Sharti akikomboe kwa chochote atakachotajiwa. Na siku ya msiba, mamba ndio huchimba kaburi la samaki, na samaki ndio huchimba la mamba. Ni utani mzito.

"Ee, Bana Chabu!" Nkandu alimpokea siku moja ya Desemba, kwa kile Kiswahili cha Kongo kinachozungumzwa mwaloni. "Leo samaki amejitoka mwenyewe mu maji? Mutu alete chumvi!"

"Kamata chumvi yako. Mamba muzee bila meno, utanikula na nini?"

Wanaume wakaangua kicheko. Esnart akamwaga maharagwe yake juu ya tumbo la mtumbwi uliopinduliwa, akapanga vilima vile vile, akawaeleza kama alivyomweleza Ba Royd, ila kwa sauti kubwa zaidi. Kila haragwe mtu. Kila jekundu mtoto.

Mvuvi mmoja akakohoa. "Lakini batu banasema ile damu banaiuzishaka."

"Nani anaiuza? Daftari ni mimi naandikaka!" Esnart alimgeukia, macho yamemtoka. "Majina sitawasomea, ni siri ya wagonjwa. Lakini hesabu hii hapa. Mutoto. Mutoto. Mama muzazi. Mutoto. Soko muliona wapi?"

Nkandu alikuwa ameinama juu ya mtumbwi, akilinganisha vilima. Wavuvi wanajua msimu kuliko mtu yeyote. Huhitaji kumfundisha mvuvi kwamba kuna miezi ya kujaa na miezi ya kukauka.

"Ile miezi yetu ya kulala," akasema mwishowe, "njo miezi batoto banakufa."

"Njo hiyo."

"Basi andika watu makumi ine. Na mimi wa kwanza."

Esnart alipanda kurudi hospitalini karibu akimbie. Ba Royd akapiga simu Mansa, kwenye kituo cha damu cha mkoa. Wakakubali kuja Jumamosi ya pili ya Januari, wakasema barabara ni ndefu, hawawezi kuja kwa watu watano. Wapatikane angalau thelathini. Esnart akawaambia arobaini. Alisema hivyo kwa kinywa kipana, kama mtu aliyekwisha kuwaona wamelala vitandani.

*

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo, Marthe alifika kutoka Mantapala na mtoto mgongoni.

Marthe ni Mkongomani. Alivuka na mtumbwi mwaka 2017, akapokewa katika kambi ya mapokezi ya Kenani akiwa hana hata sufuria, na sasa analima mihogo katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Hakujua Kibemba cha kutosha kuongea na daktari, kwa hiyo aliitwa Esnart, ambaye Kiswahili alikiokota utotoni akiuza samaki kwa watu wa ng'ambo. Mtoto, msichana, aliitwa Chouchou. Miaka miwili, homa siku tano, midomo rangi ya majivu. Kipimo cha damu kilisema tatu, na mtoto mzima huwa na kumi na moja au zaidi.

Kundi lake lilikuwa O. Ndani ya friji ulibaki mfuko mmoja mdogo wa O, wa kipimo cha watoto, na miwili ya AB isiyomfaa. Ule mdogo akapewa Ijumaa asubuhi. Akafumbua macho, akayafumba tena. Daktari akamwambia Esnart amweleze mama ukweli: malaria ingali inakula, mfuko ule ni wa kumvusha tu. Akose mwingine hadi Jumatatu, hatamudu.

Marthe alisikiliza huku akimshika mtoto mguu. "Mama Esnart, ile damu ingine iko wapi?"

Angeweza kujibu kwamba haipo. Hakuweza kulitoa neno hilo.

"Iko inatembea, mama. Iko mu mishipa ya batu kule ku mwalo. Kesho banaitoa, banaipeleka Mansa kuipima kama iko safi, na Jumatatu inarudia hapa."

"Batakuya kweli?"

"Batakuya. Mi nimesema."

Alitoka wodini. Sasa haikuwa tena hesabu ya maharagwe. Alikuwa ameliweka neno lake juu ya pumzi za mtoto.

*

Jumamosi ikapambazuka bila mvua. Saa tatu asubuhi mwalo ulikuwa umejaa! Esnart alihesabu arobaini na wawili, wengine wamevaa mashati ya kanisani, wake zao wauza samaki nao wamejipanga pembeni. Nkandu alikuwa ameoga mpaka anang'aa. Meza zimewekwa, mikeka imetandikwa chini ya turubai. Esnart alikuwa akitembea huku na huku kama bibi arusi, akimtukana huyu, akimkumbatia yule. Furaha ilimpanda hata akasahau kula.

Kisha gari la Mansa likatokea juu ya kilima. Landikruza nyeupe, namba za serikali, likishuka kwa kasi, tope likiruka nyuma. Ndani, watu wanne wenye sare. Juu yake, masanduku makubwa ya barafu yamefungwa kwa kamba.

Sasa wewe niambie: mvuvi wa Mweru, mwezi wa Januari, ziwa limefungwa, akiona Landikruza nyeupe ya serikali yenye masanduku ya barafu inamjia mbio, atafikiri nini? Damu? Hata kidogo! Atafikiri doria ya samaki. Maana doria huja hivyo hivyo, na masanduku yale ndiyo hubebea samaki waliokamatwa. Na tusidanganyane, kati ya wale arobaini na wawili, wasiokuwa na wavu uliofichwa mahali fulani wangeweza kuhesabiwa kwa vidole.

Mtu mmoja alipiga mluzi. Basi. Ilikuwa mguu niponye! Mashati ya kanisani yakapotelea matetini, mmoja akaacha kiatu, mwingine akajitosa majini na kofia kichwani. Hata Nkandu, na kifua chake kile, alikimbia. Gari liliposimama, waliobaki walikuwa wanawake tisa wanaocheka, mbuzi mmoja na Esnart.

Kiongozi wa timu akashuka, akatazama mikeka mitupu. "Bamayo, mama yangu, tuliambiwa watu arobaini."

Ni kosa langu, Esnart alijiambia. Niliwaeleza yote, gari sikuwaeleza. Akamwona Chouchou, midomo ile ya majivu. Akamwona Marthe akiuliza, batakuya kweli? Hapo woga ukageuka hasira, na hasira ya Esnart ina akili.

Kando ya uzio wa mwalo, yakiwa yameegemezwa kwa mstari, yalikuwa makasia yote ya wavuvi, yamewekwa hadi ziwa lifunguliwe. Kasia la mvuvi si kijiti. Hulichonga mwenyewe kwa kipimo cha mikono yake, wengine wamerithi kwa baba zao. Esnart alijifunga chitenge kiunoni, akaanza kuyabeba. Manne, matano kwa mara moja, akiyatupa nyuma ya meza ya kuandikisha, kha, kha, kha! Wanawake wakamwelewa upesi, nao wakatia mikono. Lilipokwisha kuwa lundo, akapanda juu yake, akageukia matete, akaachia sauti.

"Bena Ng'andu! Mamba gani anakimbia gari? Hii si doria! Ni gari ya damu! Na makasia yenu yote nimeyakamata, mimi samaki! Mutu anataka kasia yake, alete mukono wake hapa kwa meza!"

Matete yakatikisika. Mtu akacheka mle ndani, akanyamazishwa.

"Unadanganya!" ikatoka sauti ya Nkandu. "Yale masanduku ni ya samaki!"

"Kuja uyafungue! Ukikuta hata dagaa moja, unioe!"

Sasa kicheko kilitoka pande zote, hata timu ya Mansa ikacheka bila kujua inacheka nini. Lakini hakuna aliyetoka. Esnart akashusha sauti. Ilibidi wakae kimya ili wamsikie.

"Bakwetu, nisikieni. Siku tunakufaka, shiye Bena Isabi, ni nyinyi munatuchimbiaka kaburi. Hamujakataa hata siku moja. Leo siombi kaburi. Iko mutoto ku hospitali, eko na miaka mbili, damu yake imekwisha. Bila yenu, Jumatatu munachimba. Mi naomba musichimbe."

Upepo ulipita juu ya matete. Kisha Nkandu akatokea, amelowa hadi magotini, tope kwenye shati lake jipya. Alisimama mbele ya lundo.

"Huyo mutoto ni wa Bena Isabi?"

"Eko wa Kongo. Ukoo wake sijui. Mi nimemukamata kuwa wangu."

Nkandu akafungua sanduku moja la barafu, akachungulia, akakuta vifuko vitupu na mirija. Akageuka kuelekea matete. "Tokeni, bajinga nyiye! Ni sindano!" Halafu akajilaza kwenye mkeka wa kwanza, akanyosha mkono mnene, akafumba macho kwa nguvu kama mtoto.

Wakatoka! Mmoja mmoja, wamelowa, wanasukumana, wanatukanana. Mmoja akakataliwa kwa sababu alinuka kachasu, pombe kali ya huku, tangu mbali, wawili kwa sababu damu yao wenyewe ilikuwa pungufu. Wanawake tisa nao wakajilaza mikekani, wakatoa. Hadi saa nane mchana mifuko ilikuwa arobaini na minane. Kila mwanamume aliyeinuka alipewa soda, biskuti na kasia lake, na ungewaona wakipanda njia, pamba mkononi, kasia begani, wamejaa majivuno kana kwamba wamerudi na samaki wa kushindwa kubebwa. Esnart ndiye aliyebandika namba za mifuko. Wa kwanza, wa Nkandu, uliishia na mia nne kumi na saba.

*

Jumapili ilikuwa ndefu. Chouchou alihema haraka haraka, na Marthe aliacha kuuliza maswali, jambo ambalo Esnart aliliona baya kuliko maswali yenyewe. Jumatatu, saa sita kasoro, Landikruza nyeupe ikashuka tena kilimani. Safari hii kule mwaloni walisimama kuipungia mikono.

Mifuko kumi na moja, mgao wa hospitali, imepimwa, safi. Mitano ya O. Ba Royd akajaribisha ule wa juu na damu ya mtoto, vikapatana. Akautia mezani mbele ya Esnart ili auandike kabla haujaenda wodini.

Esnart alisoma namba. Akaisoma tena. Mia nne kumi na saba.

Akaandika macho yakiwa kwenye mfuko, si kwenye karatasi, na mstari ule, mpaka leo, ndio mbaya kuliko yote katika daftari lake. Anayetoa hatajiwi anayepokea, wala anayepokea hatajiwi anayetoa. Ndiyo sheria, na Esnart ndiye mlinzi wake.

Jumanne asubuhi alikuwa akipita karibu na wodi ya watoto aliposikia Marthe anaita kwa sauti iliyopasuka.

"Mama Esnart! Kuya! Anaomba chakula!"

Aliingia mbio. Chouchou alikuwa ameketi. Ameketi mwenyewe! Midomo imepata rangi, macho makubwa, uso umekunjwa kwa hasira ya njaa.

"Anaomba nini?"

"Samaki," alisema Marthe, akicheka na kulia. "Uji anakataa, mukate anakataa. Tangu alfajiri ni samaki tu, samaki tu! Na ziwa wameifunga, nitaipata wapi?"

Esnart alishika ukingo wa kitanda. Kicheko kilimpanda kutoka mahali pasipojulikana, akacheka hadi machozi yakamtiririka, hadi muuguzi akaja kutazama. Marthe alimuuliza kuna nini. Hakuweza kumwambia, na hatamwambia kamwe. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akatoa chisense aliyemkausha kabla ziwa halijafungwa, vile visamaki vidogo vya Mweru, akavipika kwa nyanya na kitunguu, akavileta vingali moto.

Mtoto alikula kwa mikono miwili. Hakuinua kichwa. Esnart, mwana wa Bena Isabi, alikaa ukingoni mwa kitanda akimchambulia na kumsogezea kimoja kimoja, akitazama vinavyokwisha.

"Kula, mama," alimwambia polepole. "Kula umalize. Samaki hana kinyongo."